Kufifisha na Kuibua: Mafunzo ya Skripti kutoka Kaunta ya Kasumulu

Kufifisha elementi ya ukurasa wa tovuti ni kuipunguzia mwonekano hatua kwa hatua, kutoka kuonekana kikamilifu hadi kutoonekana kabisa, na kuiibua ni kuirejesha kwa njia hiyo hiyo, ilhali elementi yenyewe, yaani kipande chochote cha ukurasa kinachoweza kuamrishwa peke yake, iwe aya, picha, kitufe au tarakimu moja ndani ya jedwali, haihami mahali pake wala haibadiliki umbo. Wengi wanaoifundisha kazi hii huiweka mwishoni mwa kozi pamoja na mapambo mengine, kana kwamba mwanafunzi akiiruka hatapungukiwa na kitu. Makala haya yanashikilia rai iliyo kinyume na mazoea hayo: kufifisha ni suala la muda kabla ya kuwa suala la urembo, kwa kuwa anayeandika skripti ya aina hii, yaani maagizo ambayo kivinjari huyasoma na kuyatekeleza mbele ya msomaji, huamua ni mabadiliko gani msomaji ayaone, ayaone kwa kasi gani, na abakiwe na nini iwapo skripti yenyewe haitafanya kazi. Rai hiyo ilikomaa katika miaka ambayo mwandishi aliitumia kwenye steshenari moja ya Kasumulu, wilayani Kyela, ambako kompyuta zilikuwa za mtumba, umeme haukuaminika, na wasomaji wa ukurasa walikuwa watu waliosimama kaunta wakiwa na haraka.

Kasumulu ni kituo cha mpakani kwenye upande wa Tanzania wa Mto Songwe, na ng'ambo ya daraja ni Malawi, katika wilaya ya Karonga. Barabara inayotoka Uyole, jijini Mbeya, huteremka kupitia Tukuyu hadi kwenye tambarare ya Kyela, ambako mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka na ambako mpunga na kakao ndivyo vinavyozilisha kaya nyingi; ikifika mpakani hukusanya madereva wa malori, mawakala wa forodha, waendesha bodaboda, wabadilisha fedha na akina mama wenye magunia ya mchele, ambao wote kwa wakati mmoja au mwingine huhitaji karatasi fulani iliyochapwa. Steshenari katika mji wa namna hii si duka la kalamu na daftari peke yake, kwa sababu ndiko barua zinakoandikwa, nyaraka zinakotolewa nakala, picha za pasipoti zinakopigwa na flashi za watu zinakosafishwa virusi. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009 na kufikishwa kwenye vituo vya mipakani ili uziunganishe nchi jirani, uliifanya Kasumulu kuwa mlango wa kuelekea Malawi. Hata hivyo mkongo kupita karibu na duka si sawa na duka kuwa na intaneti, na katika miaka hiyo mwenye steshenari alitegemea modemu ya simu na vocha iliyoisha kabla ya kazi kuisha. Kwa sababu hiyo mafunzo mengi ya skripti yaliingia Kasumulu yakiwa ndani ya flashi, kurasa zilizohifadhiwa Mbeya mjini na kusomwa baadaye bila mtandao. Hali hiyo, pamoja na adha zake zote, ilikuwa na faida moja ambayo vijana wa leo hawaipati kwa urahisi: msomaji alilazimika kuuelewa kila mstari wa msimbo, kwani hakukuwa na namna ya kutafuta jibu jingine jioni hiyo hiyo.

Kazi iliyoleta haja ya kufifisha ilikuwa orodha ya bei. Kioo kimoja cha kompyuta kiligeuzwa kuwaelekea wateja, na juu yake ukawekwa ukurasa mwepesi, usiohitaji intaneti, ulioonyesha bei ya kubadilisha shilingi kwa kwacha iliyokuwa ikitajwa siku hiyo, bei ya mchele kwa kilo na bei ya kakao kavu. Mhudumu aliandika tarakimu mpya katika sehemu yake ya ukurasa, akabonyeza kitufe, na tarakimu ya zamani ikabadilishwa papo hapo. Ukurasa ulikuwa sahihi kwa kila kigezo cha fundi, lakini swali lililokuwa likirudi kaunta lilionyesha kwamba usahihi huo haukutosha. Mama mmoja aliyezoea kuvuka mpaka na mchele aliliuliza kwa uwazi kuliko wengine: "Mwanangu, hii kwacha ndiyo ile ya asubuhi, au imeshabadilika?" Alijibiwa, "Imebadilika sasa hivi, mama," na jibu hilo la mdomo ndilo lililokuwa likikosekana katika ukurasa. Kompyuta hujua hali iliyokuwapo na hali iliyopo, ilhali mtu aliyeinamisha uso kuhesabu noti, akiinua macho, hukuta hali iliyopo peke yake.

Kabla ya kulijibu swali la mama huyo ilibidi ijulikane jinsi kivinjari kinavyoweza kuamriwa kufifisha. Katika CSS, lugha ya kueleza sura ya ukurasa, ipo sifa iitwayo opacity, ambayo hupewa thamani kuanzia 0, yaani kutoonekana, hadi 1, yaani kuonekana kikamilifu, na JavaScript, lugha ya skripti iliyobuniwa na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape mwaka 1995, inaweza kuibadilisha thamani hiyo wakati wowote. Maelezo hayo yanatosha kwa vivinjari vya leo, lakini hayakutosha kwa kompyuta ya kaunta, ambayo kama nyingi za mtumba ilikuwa ikiendeshwa na Windows XP, mfumo uliotolewa mwaka 2001. Internet Explorer ilianza kuielewa sifa ya opacity katika toleo la 9 la mwaka 2011, na toleo hilo halikukubali kusakinishwa kwenye Windows XP, kwa hiyo mwenye mashine ya aina hiyo akitumia kivinjari cha Microsoft alikomea toleo la 8 hata kama angekuwa na vocha ya kupakua jipya. Matoleo hayo ya zamani yalitumia kichujio cha Microsoft yenyewe, kilichohesabu kuanzia 0 hadi 100, na ambacho hakikufanya kazi ikiwa elementi haikupewa kipimo cha upana au sifa nyingine ya kukilazimisha kivinjari kuipangia nafasi yake kamili. Zaidi ya hayo, herufi zilizopitia kichujio hicho zilipoteza ulaini wa kingo zake na kubaki na mikwaruzo hata baada ya kuibuka kikamilifu, mpaka skripti ilipokiondoa kichujio chote mwishoni mwa safari. Fundi aliyefanya kazi kwa mashine za namna hii alijifunza mapema kwamba mwisho wa kuibua haufiki tarakimu inapogonga 100, bali unafika pale ambapo elementi imerudishwa katika hali yake ya asili bila mabaki ya kazi iliyopita.

Jambo la pili ambalo kufifisha humfundisha mtu, na ambalo mafunzo mengine ya skripti yanaweza kulificha kwa muda mrefu, ni namna kivinjari kinavyogawa kazi zake. Karibu kila anayeanza huandika kitanzi, yaani agizo la kurudia jambo mara nyingi, ambacho hushusha mwonekano kutoka 100 hadi 0 hatua moja moja, kisha hushangaa kuona elementi ikitoweka ghafla bila hatua yoyote ya katikati. Sababu ni kwamba kivinjari hutekeleza skripti na kuchora ukurasa kwa zamu moja, kwa hiyo skripti inapokuwa inaendelea kivinjari hakichori chochote, na kitanzi kikimaliza hatua zake zote mia kwa mkupuo, kitu pekee kinachobaki cha kuchorwa ni hatua ya mwisho. Dawa yake ni kipima muda, ambacho katika JavaScript huitwa setTimeout, chenye kukiambia kivinjari: fanya hatua hii moja, kisha iache zamu, na urudi baada ya milisekunde kadhaa, milisekunde ikiwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika kule kuiacha zamu ndiko kivinjari hupata nafasi ya kuchora. Mwandishi anaamini kwamba hakuna zoezi fupi kuliko hili la kumwonyesha mwanafunzi kwamba programu inayofanya kila kitu bila kupumua huwa haionekani na mtu yeyote, na kwamba kasi ya mashine haina thamani kwa msomaji kama mashine haikulipa jicho lake nafasi ya kushiriki.

Kipima muda kikishapatikana hujitokeza tatizo la hesabu, nalo huwakuta hata walio hodari. Kompyuta huhifadhi tarakimu zenye desimali kwa mfumo wa jozi, yaani mfumo wa namba unaotumia 0 na 1 pekee, na katika mfumo huo sehemu moja ya kumi haiwezi kuandikwa kwa ukamilifu, kama vile theluthi moja isivyoweza kuandikwa kwa ukamilifu katika desimali za kawaida. Matokeo yake ni kwamba ukianza na 0 na kuongeza 0.1 mara kumi katika JavaScript hupati 1, bali unapata 0.9999999999999999. Skripti iliyoamriwa isimame pale tu mwonekano unapolingana na 1 hupita karibu kabisa na kituo chake bila kukitambua, na kipima muda huendelea kugonga bila kikomo nyuma ya ukurasa unaoonekana umetulia. Kwenye mashine mpya hasara hiyo haionekani; kwenye kompyuta ya kaunta yenye kumbukumbu ndogo, iliyofunguliwa tangu asubuhi, vipima muda visivyosimama hujilimbikiza mpaka kishale cha kipanya kinaanza kusita na mteja aliyeleta barua yake ichapwe anasubiri. Suluhisho ni jepesi: kuhesabu kwa tarakimu nzima na kugawanya mwishoni, na kusimama pale kiwango kinapofikia au kupita kikomo badala ya kudai kilingane nacho sawasawa.

Hata hivyo kuhesabu hatua, kwa namna yoyote ile, kuna kasoro iliyo kubwa zaidi. Fundi anayeagiza hatua 50 zenye nafasi ya milisekunde 20 hudhani ameagiza sekunde moja, ilhali ameagiza sekunde moja kwa mashine yake mwenyewe, na kwenye mashine iliyolemewa kila hatua huchelewa, hivi kwamba sekunde moja ya Mbeya mjini inaweza kugeuka kuwa sekunde tatu za Kasumulu. Njia iliyo ya haki ni kuiuliza saa ya kompyuta muda uliopita tangu kuanza, kisha kuukadiria mwonekano kutokana na muda huo: nusu ya muda ikipita, elementi iwe nusu, bila kujali imechorwa mara ngapi njiani. Kwa utaratibu huo mashine dhaifu huruka baadhi ya hatua, lakini humfikisha msomaji wake mwishoni kwa wakati ule ule anaofika mwenye mashine bora. Vivinjari vilikuja kuurahisisha utaratibu huo kuanzia miaka ya 2010 na 2011 kwa agizo liitwalo requestAnimationFrame, ambalo huiita skripti kila kivinjari kinapojiandaa kuchora, yaani takribani mara 60 kwa sekunde kwenye vioo vya kawaida, na ambalo hupumzika ukurasa unapofichwa nyuma ya mwingine. Sifa hii ya mwisho si ndogo kwa mtu anayetumia kompyuta ya mkononi wakati umeme umekatika na betri ndiyo tegemeo.

Swali la mama wa mchele, hata hivyo, halikuweza kujibiwa na saa wala hesabu, kwa sababu lilihusu jicho. Jibu la kwanza linalomjia kila fundi ni kuifanya tarakimu ya zamani ififie taratibu na mpya iibuke taratibu mahali pake, akiamini kwamba mabadiliko ya polepole ni rahisi kuyafuata. Utafiti wa saikolojia unaonyesha kinyume chake. Mwaka 1997 Ronald Rensink na wenzake walionyesha kwamba watu waliopewa picha mbili zilizotenganishwa na kioo kitupu kwa muda mfupi sana walichukua muda mrefu kutambua mabadiliko makubwa yaliyokuwa mbele ya macho yao, hali inayoitwa upofu wa mabadiliko. Na mwaka 2000 Daniel Simons na wenzake walionyesha kwamba upofu huo hutokea hata bila kitu cha kukatiza picha, mradi badiliko lenyewe liende polepole. Jicho limeumbwa kushtushwa na kinachotokea ghafla, na kinachojongea kwa utulivu hukiacha kipite. Vivyo hivyo, anayesimama ufukweni Matema mwezi Oktoba, wakati moshi wa mashamba na ukungu wa joto umetanda juu ya Ziwa Nyasa, huiona Milima ya Livingstone asubuhi na kuikosa mchana, wala hawezi kutaja dakika ambayo ilitoweka ingawa hakuondoa macho.

Kwa hiyo tarakimu iliyofifishwa kwa uzuri inaweza kumdanganya msomaji kuliko iliyobadilishwa kwa mkupuo, na katika ukurasa wa bei udanganyifu huo una gharama. Ilipofika Mei 2012 gharama hiyo ilidhihirika kwa wote waliofanya biashara mpakani, kwani serikali ya Malawi chini ya Rais Joyce Banda, aliyeingia madarakani mwezi uliotangulia, iliishusha thamani ya kwacha kwa takribani theluthi moja, kutoka karibu kwacha 167 hadi karibu 250 kwa dola moja ya Marekani. Tarakimu za kaunta, ambazo kabla ya hapo ziliweza kukaa bila kuguswa, zilianza kuandikwa upya mara kadhaa kwa siku moja, na mtu aliyefunga hesabu yake kwa bei ya saa nne alirudi saa nane akiwa na noti zilezile na thamani nyingine. Katika hali hiyo ukurasa ulihitaji kusema mambo mawili kwa pamoja: kwamba badiliko limetokea, na kwamba limetokea punde.

Njia iliyokidhi haja hiyo ilikuwa imetangazwa mwaka 2004 na kampuni ya 37signals ya Chicago, iliyoitumia katika programu yake ya Basecamp, na mafundi wengi waliiiga kwa miaka iliyofuata. Sehemu iliyobadilika huwekewa ghafla mandharinyuma ya njano, kisha njano hiyo hufifia taratibu hadi kurudi nyeupe. Ubora wake uko katika kuzigawa kasi mbili: kuingia kwa ghafla huliita jicho, na kutoka kwa taratibu hulipa jicho lililochelewa nafasi ya kukuta alama ingali ipo. Aliyeangalia kioo wakati huo huo huona mshtuko, naye aliyekuwa akihesabu noti huinua uso na kukuta njano hafifu inayomwambia kwamba kitu kimeguswa hapa muda mfupi uliopita. Tarakimu yenyewe haififii hata kidogo, kwa hiyo hakuna dakika ambayo haisomeki, na hili mwandishi huliona kuwa kanuni ya msingi kuliko zote katika kazi hii: kinachosomwa kibaki imara, kinachofifia kiwe ni dalili iliyo nyuma yake. Faida nyingine ilikuwa ya kifundi. Rangi kwenye kioo huundwa kwa viwango vya nyekundu, kijani na buluu, kila kimoja kati ya 0 na 255. Njano nyepesi ina 255, 255 na 153, na nyeupe ina 255 tatu, hivyo safari nzima kutoka njano hadi nyeupe ni kukipandisha kiwango kimoja tu, cha buluu, kutoka 153 hadi 255. Internet Explorer ya zamani iliifanya kazi hiyo bila kichujio chochote na bila kuziharibu kingo za herufi. Kwenye kaunta muda uliofaa ulionekana kuwa mrefu kuliko unaopendekezwa kwa mtu aliyeketi mbele ya kompyuta yake, kwa sababu mteja aliyesimama huangalia kioo kwa vipindi. Njano iliyokaa sekunde kadhaa kabla ya kuanza kufifia iliwafaa wengi, na swali la asubuhi au sasa likapungua.

Wakati huo mafundi wengi walikuwa wameacha kuandika vipima muda kwa mikono yao, wakitegemea maktaba, yaani mkusanyiko wa msimbo uliokwisha kuandikwa kwa ajili ya wengine. Thomas Fuchs alikuwa ametoa maktaba ya script.aculo.us mwaka 2005, na John Resig akaitambulisha jQuery mwanzoni mwa mwaka 2006, ambayo kwa neno moja tu la kuagiza ilifanya elementi ififie kwa milisekunde 400 katika vivinjari vyote vikubwa vya siku hizo, pamoja na vile vya Windows XP. Wepesi huo ulikuwa neema ya kweli kwa mtu mwenye vocha ndogo, kwani faili moja dogo lilibebwa kwenye flashi na kutumika katika kazi zote. Pamoja na hayo ulileta tabia moja iliyohitaji kueleweka. jQuery huyapanga maagizo ya kufifisha kwenye foleni, moja likisubiri jingine limalizike; mtumiaji akipitisha kishale juu ya picha mara nyingi kwa haraka, kila kupita huongeza agizo la kuibua na agizo la kufifisha, na picha huendelea kupepesa kwa muda baada ya mkono kuondoka. Agizo la kusimamisha, ambalo linaweza kufuta yaliyo kwenye foleni kabla ya kuanza jipya, lipo ndani ya maktaba hiyo hiyo, lakini ni yule anayejua kwamba kila kufifia ni mchakato wenye mwanzo na mwisho ndiye anayelikumbuka. Aliyewahi kukiandika kipima muda kwa mkono wake hukumbuka bila kuambiwa.

Ukurasa wa bei ulipohamishiwa mtandaoni, ili wafanyabiashara wa Ipinda, Kyela mjini na hata Karonga wausome bila kufika kaunta, msomaji alibadilika: badala ya kompyuta moja ya dukani wakawa watu wenye simu ndogo za vitufe, na kivinjari chao mara nyingi kilikuwa Opera Mini. Kivinjari hicho, kilichoenezwa duniani mwaka 2006, kilipendwa kwa kuwa hakiupakui ukurasa moja kwa moja; seva za kampuni yake huusoma, huubana na kuutuma kwenye simu ukiwa umepungua uzito mara nyingi, jambo lililofanya kifurushi kidogo cha MB kudumu. Gharama ya unafuu huo ni kwamba skripti hutekelezwa kwenye seva kwa muda mfupi tu kabla ukurasa haujatumwa, kisha husimama, na uhuishaji wowote wa baadaye haupo. Kwa ukurasa ambao elementi zake zimeandikwa kwenye CSS kuwa zisionekane mpaka skripti iziibue msomaji anaposhuka chini, matokeo yake ni ukurasa mweupe: data imefika, MB zimelipiwa, na hakuna kinachoonekana. Mtindo huo wa kuificha kila aya ili iibuke kwa madaha ulikuwa ukienea katika tovuti za miji mikubwa, na ungali upo. Mwandishi haoni namna ya kuutetea, kwa sababu unamnyima anayelipa kwa shida kitu alichokwisha kukilipia. Utaratibu ulio salama ni kuandika ukurasa uonekane wote kwanza, kisha kuiachia skripti yenyewe kazi ya kuficha kile inachokusudia kukiibua, ili pale ambapo skripti haipo, na kuficha nako kusiwepo.

Kufifia hadi 0 nako si kuondoka. Elementi yenye mwonekano wa 0 ingali inashika nafasi yake, ingali inapokea mibonyezo ya kidole, na ingali inasomwa kwa sauti na kisoma skrini, programu inayowasaidia wasioona kuutumia ukurasa. Dirisha la tangazo lililofifia bila kuondolewa hubaki limefunika kitufe kilicho chini yake, na mtumiaji hubonyeza mara nyingi bila mafanikio, asijue anabonyeza kitu kisichoonekana. Kwa hiyo mwisho wa kufifisha huhitaji agizo la pili, la kuitoa elementi katika mpangilio wa ukurasa kwa sifa iitwayo display au kuificha kwa sifa iitwayo visibility, na agizo hilo lazima lingoje mpaka mfifio umalizike, la sivyo hakuna mfifio utakaoonekana. Katika kuibua mpangilio hugeuka: elementi hurudishwa kwanza katika nafasi yake ikiwa na mwonekano wa 0, ndipo huanza kupandishwa.

Sehemu kubwa ya kazi hii imehama kutoka kwenye skripti. Wahandisi wa WebKit, msingi wa kivinjari cha Safari cha Apple, walianza mwaka 2007 kupendekeza kwamba CSS yenyewe iweze kueleza mpito, yaani badiliko la taratibu kati ya hali mbili, na kufikia mwaka 2013 vivinjari vikubwa vilikuwa vinaukubali bila masharti ya pekee. Skripti siku hizi hubadilisha jina la hali tu, nacho kivinjari huzijaza hatua za katikati, mara nyingi kwa kutumia kichakataji cha michoro, kwa sababu mwonekano unaweza kubadilishwa bila kupiga upya hesabu ya mpangilio wa ukurasa mzima. Tatizo la kuibua kitu kilichokuwa kimeondolewa kabisa lilibaki mikononi mwa skripti kwa miaka mingi zaidi, hadi vivinjari vilipoanza mwaka 2023 na 2024 kuelewa kanuni mpya ya CSS inayotaja hali ya kuanzia. Kilichoendelea kuhitaji uamuzi wa binadamu ni kasi na idhini. Mwaka 2017 Safari ilianza kuuliza mfumo wa simu au kompyuta kama mwenye chombo ameomba mwendo upunguzwe, ombi linalotolewa na watu ambao mwendo kwenye kioo huwaletea kizunguzungu au kichefuchefu, na vivinjari vingine vikafuata. Ukurasa unaoheshimu ombi hilo hubadilisha hali moja kwa moja bila mpito. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti nayo huzuia chochote kinachomulika zaidi ya mara tatu kwa sekunde, kwa ajili ya watu wenye kifafa.

Kwa mteja aliyeomba mwendo upunguzwe, njano ya ukurasa wa bei haipaswi kufutwa, kwani si mwendo uliomfaa bali ni habari iliyomo ndani yake. Katika toleo ambalo mwandishi hulitumia sasa kufundishia vijana, tarakimu ya mtu huyo hukaa juu ya njano isiyofifia mpaka dakika chache zipite, na pembeni yake huandikwa kwa maneno saa ambayo bei ilibadilishwa. Maandishi hayo ya saa huonyeshwa pia kwa kila msomaji mwingine, awe na skripti au asiwe nayo, awe anaona rangi zote au anazichanganya, na ndiyo sehemu ya kwanza ya ukurasa kuandikwa. Njano na kufifia kwake huongezwa baada ya hapo, ukurasa ukiwa tayari umekwisha kujaribiwa kwenye simu iliyozimwa skripti.